Ufito na Rili kwa Mvuvi Aliyeketi

Kutoka kikao cha kayaki yangu hadi uso wa maji ni shibiri moja na vidole vichache, na hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho mtu anayekwenda kununua zana za kuvulia hapaswi kukisahau, ingawa muuza duka hatamwuliza habari zake. Muuza duka atataka kujua anavua samaki gani na mfukoni ana kiasi gani. Naye akijibu kwamba ni nguru, au kolekole, ataoneshwa fito ndefu zilizosimamishwa ukutani mithili ya mikuki, ambazo zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, ama juu ya mwamba, ama ufuoni, ama katika mashua pana yenye nafasi ya kurudi nyuma hatua tatu samaki anapovuta. Mvuvi wa kayaki hana hata hatua moja ya kurudi. Ameketi, miguu ameinyosha mbele, maji yako chini kidogo ya kiwiko chake, na chombo chenyewe ni chepesi hata samaki wa ratili 20 aweza kukigeuza omo. Katika kayaki, basi, kikao ndicho kinachochagua ufito, na samaki huja baadaye.

Chombo hiki asili yake si kwetu. Ni cha watu wa nchi za barafu, Wainuit wa Greenland na jirani zao wa pwani za kaskazini za Amerika, waliokiunda kwa mbao zilizookotwa ufuoni na kukivika ngozi za sili, wakakitumia kuwindia sili hao hao. Hii tuionayo siku hizi katika hori za Kilifi na Mtwapa, na huko Watamu na pwani za Unguja, ni ya plastiki iliyofinyangwa, na aghalabu mtu haingii ndani yake bali huketi juu, penye vitundu vya kupitishia maji yanayopanda. Walakini mtu wa pwani akiitazama haoni ajabu kubwa: aona mtumbwi uliopungua kina, au ngalawa iliyovuliwa mirengu. Na hapo penye mirengu ndipo penye kadhia yote, maana mrengu ndio unaomruhusu mvuvi wa ngalawa kuinuka, na kuinama, na kuvuta mshipi kwa ubavu wowote bila ya hofu ya kupinduka, ilhali mwenye kayaki akivutwa upande kwa nguvu hana cha kumtegemeza ila nyonga zake mwenyewe.

Wazee wanaovua kwa mshipi wa mkono huniona nikishuka majini na fito zangu mbili, wakacheka. "Mwanangu," aliniuliza mmoja wao, "miti yote hiyo ya nini, na Mungu amekupa mikono miwili?" Swali lake lina insafu. Kwa kuvua changu katika kina cha pima 5 au 6, pale mtu anapotia nanga akateremsha chubwi hadi chini, kidole kilichogusa mshipi hupata habari za chambo upesi kuliko ufito wowote uliopata kuundwa, na anayetaka kitoweo tu aweza kuacha kusoma makala haya hapa na kununua mshipi wake, na ndoana zake, akaenda zake. Tofauti huja samaki mwenye nguvu anapokata shauri ya kupita chini ya chombo. Mwenye ngalawa huinuka, akaupitisha mshipi tezini. Mwenye kayaki hawezi kuinuka wala kugeuka, na mshipi wake hukwaruza chini ya plastiki, ukashika usukani au pezi la mkuku, ukakatika. Mwenye ufito huizamisha ncha majini mbele yake, akaizungusha ng'ambo ya omo, na mshipi ukahamia upande wa pili ukiwa mzima. Nilimjibu mzee kwamba mti huu ni mkono wa tatu, ulioongezwa urefu ili uzunguke omo. Hakusadiki, ila aliacha kucheka.

Na urefu wa mkono huo una hesabu yake. Kayaki ya kuvulia katika maji ya pwani huwa na futi 12 hadi 14, na mvuvi huketi karibu na katikati, hata omo ikawa mbele yake kwa futi 6 au 7. Mkono ulionyoshwa humpa futi 2. Zilizobaki sharti zitoke katika ufito, na kwa kuwa futi moja hadi moja na nusu ya ufito ni mpini unaobaki nyuma ya mkono, ufito wa futi 7 ndio unaofika na kupita kwa salama. Futi 6 na nusu zatosha kwa mwenye kayaki fupi, na futi 7 na nusu kwa mwenye kupenda kurusha chambo mbali. Zaidi ya hapo mtu hujitafutia taksiri. Samaki akishachoka na kuletwa ubavuni, mwenye ufito wa futi 9 hujikuta ameshika mti ambao ncha yake iko mbali naye kuliko samaki mwenyewe, na ili amfikie hana budi kuuinua wima na kuupeleka nyuma ya bega. Hapo mzigo uliostahili kubebwa na ufito mzima, toka mpini hadi ncha, huangukia ile sehemu nyembamba ya juu peke yake, nayo hukatika kwa mlio mkavu ambao aliyewahi kuusikia hausahau. Mimi nimeusikia mara mbili, na mara ya pili sikuwa na udhuru.

Mpini nao una adabu yake. Mpini wa nyuma uliozidi dhiraa moja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hunasa katika jaketi la kuokolea kila mvuvi anapougeuza ufito toka kulia kwenda kushoto, na kugeuza huko ndiko kazi yake kubwa. Ukiwa mfupi mno, nao hauketi imara katika kishimo cha kusimamishia wakati wa kurambaza. Ajaribuye ufito dukani na aombe kiti, aketi, anyoshe miguu, kisha auzungushe mbele ya kifua chake. Watu watamtazama, na awaache watazame.

Juu ya nguvu za ufito sitasema mengi, kwa kuwa mtengenezaji huziandika mwenyewe juu ya mpini: ratili 15 hadi 30, mathalan, maana yake ni kwamba umeundiwa mshipi unaokatika kwa uzito wa kiasi hicho. Kwa maji ya ndani ya miamba, na kwa kurambaza kando ya miamba hiyo, kipimo hicho chatosha kwa mengi. Kilicho muhimu kupita nguvu ni maumbile ya kitu chenyewe. Hapo kale fito zilikuwa za mianzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea zile za nyuzi za kioo, nzito kidogo lakini zenye subira nyingi. Na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ikauza fito za kaboni, kitu ambacho Waingereza kule Farnborough walikuwa wamekishughulikia katika miaka ya 1960 kwa ajili ya eropleni. Kaboni ni nyepesi, na hupeleka mkononi kila mguso wa samaki. Lakini huchukia kugongwa, na kayaki ni nyumba ya kugongana, kasia likigonga ufito, ufito ukigonga ubavu, chubwi ya wakia nne ikibembea na kuugonga huo huo ufito pale pale kila wimbi lipitapo. Ufa usioonekana leo ndio unaokatika mwezi ujao. Kwa sababu hiyo nafadhilisha ufito uliochanganywa, kaboni kwa kioo, ambao hujipinda polepole hadi karibu na mpini na kusamehe makosa ya mtu aliyeketi. Fauka ya hayo, kaboni hupitisha umeme. Radi ikianza kunguruma juu ya bahari, ufito na ulazwe, na mvuvi aelekee nchi kavu.

Pete zinazoongoza mshipi watu wengi huzipita bila ya kuziangalia. Ndani ya kila pete njema pana duara la kauri, na duara hilo likipata ufa mwembamba kama unywele, hukata mshipi wa kusuka kama wembe. Chukua kibonge kidogo cha pamba, ukipitishe ndani ya kila pete huku ukikizungusha. Mahali panaponasa uzi mmoja wa pamba ndipo penye ufa. Muuza duka asiyependa kuona pamba hiyo ikitoka mfukoni, zana zake zaachwa.

Sasa rili, ambayo wazee wetu hawakuihitaji na ambayo humla mtu fedha kuliko ufito. Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ile inayokaa juu ya ufito, ambayo spuli yake, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, huzunguka yenyewe mshipi unapotoka na unaporudi. Inayotajwa kuwa chimbuko lake huko Marekani ni kazi ya George Snyder wa Kentucky, aliyekuwa fundi wa saa, na ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 alitia meno ya saa ndani ya rili ili mzunguko mmoja wa mkono uzae mizunguko kadhaa ya spuli. Ya pili ni ile inayoning'inia chini ya ufito, ambayo spuli yake haizunguki mshipi unaporushwa, bali mshipi hujifungua wenyewe kutoka mdomoni mwake. Holden Illingworth, tajiri wa viwanda vya sufu wa Bradford, aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1905, na anayejua jinsi uzi unavyochomoka katika kijiti cha kiwanda cha kusokota hashangai kuona ni nani aliyeibuni. Fundi saa na msokota nyuzi: tangu siku hizo mafundi wameongeza mapambo na madini mapya, lakini msingi umebaki kwa watu wawili hao.

Nani kati yao afuatwe? Mtu aliyeketi hawezi kurusha kwa mwili mzima. Hurusha kwa mkono na kiko cha mkono, mara nyingi upepo ukimpiga usoni, na katika hali hiyo rili ya juu, ambayo huhitaji kidole gumba kizuie spuli kwa kipimo cha hali ya juu, humpa anayeanza mafundo yatakayomchukua asubuhi nzima kuyafungua. Rili ya chini humsamehe, na hurusha chambo chepesi cha bandia bila ya manung'uniko. Kwa hiyo ufito wa kwanza na uwe na rili ya chini, ya namba 4000 au 5000, namba ambazo huonesha ukubwa, ingawa kampuni moja na nyingine hazikubaliani sawasawa. Lakini kwa kurambaza nguru, au kuteremsha chambo moja kwa moja kwa chewa aliye katika pango lake, rili ya juu ndiyo bwana: ni fupi, ina nguvu ya kuinua, na mshipi waweza kuachiwa na kuzuiwa kwa kidole kimoja huku mkono wa pili ukishika kasia. Mwenye uwezo na awe na zote mbili. Mwenye fito nne juu ya kayaki simwamini, maana lazima anazigombanisha.

Walakini kitu ninachokitazama kwanza ni breki, ule mpangilio wa visahani vinavyobanana ndani ya rili ili mshipi utoke kwa kiasi badala ya kukatika. Visahani vya kaboni huvumilia joto na maji kuliko vile vya sufu nzito. Breki ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, mshipi ukiwa umepita katika pete zote na ufito umepindika, wala isipimwe kwa kuvuta kwa vidole na kukisia. Mashuani watu hufunga breki hadi thuluthi ya nguvu ya mshipi. Katika kayaki natosheka na robo, ratili 5 kwa mshipi wa ratili 20, kwa sababu chombo chenyewe ni breki ya pili. Samaki akikimbia, mvuvi huelekeza ufito omoni, kayaki ikamfuata, na kila hatua ya kuivuta humchosha. Wainuit waliyajua haya tangu kale: mshipi wa chusa waliufunga kwenye kiriba cha ngozi ya sili kilichojazwa pumzi, ili mnyama aburute kiriba hicho majini hadi nguvu zimwishe. Mvuvi wa leo ameketi juu ya kiriba chake. Lakini breki ikikazwa mno na samaki akachukua ubavu, kiriba hupinduka, na aliye juu yake akaona dunia kwa upande wa chini.

Kuna jambo jingine juu ya breki ambalo nililijifunza kwa hasara. Mshipi ukitoka na spuli ikipungua hadi nusu ya upana wake, nguvu inayohitajika kuutoa mshipi huwa maradufu, ijapokuwa mvuvi hakugusa kitu. Anayeona samaki wake amekwenda mbali na rili imekonda, na alegeze breki badala ya kuikaza. Roho humwambia akaze, na roho siku hiyo haina elimu. Kwa ajili ya hayo spuli yenye nafasi ya mita 250 au 300 si anasa.

Mshipi wenyewe nitaupita haraka. Ule wa kusuka, wa ratili 20 hadi 30, ni mwembamba, hauvutiki, na huijaza spuli ndogo kwa urefu mkubwa; nailoni huvutika na kupunguza mshtuko, lakini hula nafasi. Wengi hutia wa kusuka, kisha mwishoni hufunga pima moja ya nailoni nene ya kuvumilia matumbawe, na kwa nguru, mwenye meno kama msumeno, huongeza shibiri mbili za waya. Mshipi wa kusuka usizungushwe mkononi kamwe, maana mkono hukatika kabla yake.

Adui mkuu wa rili, kuliko samaki wote, ni chumvi. Katika mashua rili hukaa mbali na maji. Katika kayaki huoshwa na kila wimbi, na siku ya kupinduka huzama nzima. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na madini mawili yaliyo tofauti yakigusana ndani yake, moja humla mwenziwe: skrubu ya chuma cha pua iliyotiwa katika mwili wa alumini huizunguka alumini kwa unga mweupe, na siku fundi akitaka kuifungua, huchomoka na kipande. Kwa hiyo mvuvi na atazame rili zenye mipira ya kuzuia maji penye mlango wa breki na penye ekseli, na asidanganywe na wingi wa beringi ulioandikwa kwa dhahabu juu ya kisanduku. Beringi nne zilizokingwa zashinda kumi zilizo wazi. Akirudi pwani aikaze breki ili maji yasiingie, aioshe rili kwa maji baridi yanayotiririka polepole, si kwa bomba la kasi linalosukuma chumvi ndani, aifute, aianike kivulini, kisha ailegeze breki ili visahani visilale vikiwa vimebanana. Kazi hii ni ya dakika tano.

Zana zote zifungwe. Nilipoteza ufito wangu mzuri kuliko zote katika maji ya utulivu kabisa, nikinywa chai ya chupa, kolekole mmoja alipouvuta kutoka katika kishimo chake kabla sijaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo kila ufito una kigwe chake kilichofungwa penye rili, chenye kifungo cha kuachika kwa mkono mmoja, maana siku ya kupinduka kigwe kisichoachika humfunga mtu badala ya ufito. Na wakati wa kuvuka mawimbi yanayovunjika, fito zilazwe ndani ya kayaki au zifungwe juu yake, ncha zikielekea tezini.

Mvuvi na ajue pia maji yake kabla ya kujua rili yake. Katika bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4, na hori iliyokuwa shwari asubuhi hutoka kwa mkondo ambao hakuna kasia linaloushinda. Wakati wa kusi, bahari ya nje haifai kwa chombo hiki. Na ziko sehemu zisizovuliwa: hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zimefungwa tangu mwaka 1968, na Mafia, penye hifadhi tangu mwaka 1995, pana sehemu za kufungwa na sehemu za ruhusa, na ni wajibu wa mvuvi kuuliza kabla ya kushusha ndoana.

Mwaka jana rili yangu ya juu ilianza kukwaruza. Nilikopeleka kwa mara ya kwanza waliniambia haina dawa, ninunue nyingine. Nikakumbuka ile habari ya fundi saa wa Kentucky, nikaichukua hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza saa za mkono chini ya baraza, ambaye maishani mwake hajapata kuvua. Akatia kioo chake jichoni, akaifungua skrubu baada ya skrubu, akazipanga juu ya kipande cha gazeti kwa utaratibu aliokuja kuurudia kinyumenyume, akapuliza, akapaka mafuta kwa ncha ya sindano. Akanirudishia rili ikizunguka kimya, pamoja na lile gazeti lenye punje tatu za mchanga katikati, akaniomba shilingi mia mbili kwa kila punje.